Jinsi ya Kumpiga Mteja Picha Gizani Asidai Hela Yake

Shida ya kwanza ya picha za giza si taa, ni mteja. Mteja wa studio zetu za mitaani, kuanzia Mbagala hadi Kimara, anakuja na masharti aliyoyapanga tangu akiwa kwa msusi: sura ionekane yote, nguo ionekane yote, na ngozi itoke imeng'aa kidogo kuliko ilivyoingia. Wewe umekesha ukiangalia video, na sasa unataka kumpa shavu moja, jicho moja na nusu, na weusi wa kujaza sehemu iliyobaki. Usimweleze mapema. Mwambie ni mtindo mpya. Caravaggio alikuwa akiwachora watu hivyo hivyo kule Roma zaidi ya miaka 400 iliyopita, lakini hayupo wa kukusuta.

Sasa tengeneza giza. Wengi hudhani giza hupatikana kwa kuzima taa. Chumba chako kina mita tatu kwa nne na ulikipaka rangi nyeupe kwa ajili ya picha za pasipoti, kwa hiyo ukiwasha flashi moja tu, mwanga unagonga ukuta, unagonga dari, unarudi kujaza kivuli chote ulichokihangaikia. Nenda dukani ukanunue kaniki. Satini iache, inang'aa. Kaniki hasa, au mahameli kama mfuko unaruhusu. Muuzaji akikuuliza mita zote hizo ni za nini, jibu kwa uangalifu, maana ukisema kuna watu unawaingiza chumbani na kuwazungushia nguo nyeusi, kesho utaanza kupokea wateja wenye shida nyingine kabisa. Kipande kimoja kitundike nyuma ya mteja. Cha pili, ambacho watu hukisahau, kisimamishe karibu na shavu la upande wa kivuli, nje kidogo ya fremu, kimeze mwanga unaorudi. Hicho cha pili kina faida kuliko lenzi mpya unayoililia.

Lipime giza lako kabla ya kuwasha flashi. Weka kamera kwenye M, ISO 100, shata 1/160, lenzi f/8, kisha piga. Kioo kikitoka cheusi tii, umeshinda. Ukiona dirisha, ziba dirisha. Ukiiachia kamera iamue yenyewe umekwisha: imetengenezwa ikiamini kwamba ukichanganya kila kitu duniani unapata kijivu, kwa hiyo ikikutana na mtu mweusi mbele ya kaniki inamwonea huruma na kumwongezea mwanga. Mteja anatoka amepauka, na kaniki imekuwa shuka la hospitali.

Taa kuu iwe moja, na isogee karibu mno, kiasi cha mteja kulalamika. Umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukizidi mara nne, unabaki moja ya kumi na sita. Maana yake, taa ikiwa nusu mita kutoka usoni na pazia likiwa mita mbili kutoka kwenye taa hiyo, pazia linaambulia makombo na linazama lenyewe bila maombi. Anayemwegemeza mteja kwenye pazia halafu akashangaa mikunjo yote ya kaniki inaonekana, hesabu za darasani alizikimbia.

Iweke taa ubavuni na juu kidogo ya macho, uisogeze taratibu mpaka pembetatu ndogo ya mwanga itokee chini ya jicho la upande wa giza. Hiyo ndiyo iliyopewa jina la mchoraji Rembrandt. Pembetatu isipotokea, pua imeshakula shavu. Angalia na mboni pia: kama hakuna nukta nyeupe ndani yake, taa iko juu mno, na mteja atatoka na macho ya samaki wa soko la Feri saa kumi jioni.

Hapa niseme jambo bila utani. Ngozi nyeusi si adui wa picha hizi, ni rafiki yao mkubwa, ila haitaki kumwagiwa mwanga. Inataka taa pana iliyokaa pembeni, ili iuakisi mwanga huo kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na mgongo wa pua. Mafuta ya mgando kidogo yanatosha. Zima feni dakika chache, jasho litamalizia kazi bure. Nywele nyeusi zitapotelea kwenye kaniki, kwa hiyo weka taa ndogo nyuma ya bega, hafifu sana, ichore ukingo wa kichwa. Usipoiweka, bwana harusi mwenye suti nyeusi atatoka kichwa kikielea hewani, na mama mkwe hatauliza kuhusu sanaa.

Kuhusu pozi, mpiga picha Yousuf Karsh alimnyang'anya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, biri mdomoni mjini Ottawa, Desemba 1941, akapata ule uso wa hasira unaojulikana dunia nzima. Wewe mnyang'anye mteja simu, utapata uso huo huo.

Jiandae na mazungumzo ya mwisho, yale ya kuonyesha picha.

"Mwanangu, umeme ulikatika?"

"Hapana mama, ndivyo inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa na nani? Kitenge changu cha elfu arobaini kiko wapi?"

"Kipo mama, kiko kwenye kivuli."

"Haya. Na hela yako ipo, iko kwenye kivuli."

Usibishane. Mama ana hoja: mwanga wa ubavuni unaonyesha kila mkunjo wa uso, na aliyekuja kujiona kijana hawezi kukushukuru. Watafute wazee wasiojali, wavuvi, mafundi seremala, mtu mwenye kovu analojivunia. Hao ndio wa kujifunzia. Picha ikishapatikana, usimtumie mteja kwa WhatsApp ya kawaida, maana ikishabanwa weusi unakatika miraba miraba. Mtumie kama faili. Na unapokwenda kuichapisha, msihi fundi wa mashine asiirekebishe, kwa sababu akiona giza atadhani umekosea na ataiongezea mwanga kwa moyo mweupe.

Mama naye umpige ya pili, taa zote zikiwaka, kitenge kizima, aitundike sebuleni. Ile ya giza mwombe ruhusa uiweke ukutani studio. Hela chukua kabla hujazima taa.