Sifa za Hoteli ya Basi

Hoteli ya basi ni nyumba ya chakula iliyo kando ya barabara kuu, yenye uwanja mpana wa kuegesha mabasi, kaunta yenye wavu wa chuma na vyoo kwa nyuma. Vyumba vya kulala haina. Katika nyanda za kati za Tanzania inapatikana kwa wingi kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Gairo, Kibaigwa na Dodoma, ikaendelea Manyoni, Singida na Mwanza. Baadhi zina matawi mawili au matatu, na abiria aliyekula kwenye tawi la kwanza hakuti jambo geni kwenye la tatu. Chipsi ni zile zile, na wengine hushuku kwamba ni zile zile kweli. Taasisi hii imesemwa vibaya kwa miaka mingi na watu wenye njaa, ambao si mashahidi wa kutegemewa. Sifa zake zinastahili kuelezwa kwa mpangilio.

Sifa ya kwanza ni kuheshimu muda. Basi likisimama, konda hutangaza dakika kumi za kula na kuchimba dawa. Ndani ya dakika hizo abiria anatakiwa kushuka, kwenda msalani, kupanga foleni ya kaunta, kulipa, kupewa kikaratasi, kupanga foleni ya pili dirishani, kukabidhi kikaratasi, kusubiri, kupokea sahani, kutafuta kiti, kula, kunawa na kupanda. Dakika saba kati ya kumi huishia kwenye foleni, mbili kwenye kusubiri, na moja hubaki kwa ajili ya chakula. Wataalamu wa afya huonya dhidi ya kushiba kupita kiasi safarini, na hakuna anayeyatekeleza maonyo yao kwa uaminifu kama hoteli ya basi. Honi inapolia, aliyekuwa anatafuna humezea mlangoni, na aliyekuwa bado dirishani hupanda na kikaratasi chake mkononi, kikiwa kumbukumbu ya robo kuku aliyelipiwa.

Sifa ya pili ni malezi. Mhudumu akiulizwa kuhusu robo kuku hujibu, “Inakuja,” huku akifuta meza kwa kitambaa ambacho meza ingekuwa safi zaidi bila hicho. Wageni hukasirika. Wenyeji wa Dodoma hutulia, kwa sababu wana uzoefu. Mji wao ulichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo baada ya tamko la Rais Magufuli la mwaka 2016. Mtu aliyesubiri wizara kwa zaidi ya miaka 40 hawezi kusumbuliwa na paja la kuku. Katika chenji pia kuna mafunzo. Mshika fedha hana hela ndogo siku zote, wala hajawahi kuonekana akizitafuta. Anayedai shilingi 500 hupewa pipi au maji, hivyo huondoka na kitu ambacho hakukihitaji wala kukiomba. Msalani peke yake ndiko huduma inapatikana papo hapo, kwa bei iliyoandikwa ukutani.

Chakula chenyewe kinahitaji maelezo marefu kidogo, kwani hapo ndipo sifa za hoteli zinapopingwa zaidi. Chipsi hukaangwa alfajiri, kabla ya basi la kwanza, kisha husubiri kwenye kabati la kioo lenye taa. Kufika saa saba mchana zimeshaacha tabia za ujana: haziungui mdomo, hazilii zikitafunwa, na ukiinua moja kwa kijiti inainama pande zote mbili kama mtu anayeomba radhi. Kabla ya kupakuliwa hurudishwa kwenye mafuta kwa muda mfupi, si ili zipate moto bali ili zipate mafuta mapya. Pembeni huwekwa kachumbari, yaani duara mbili za kitunguu na kipande cha nyanya kilichokatwa kwa upande wa kikonyo. Chupa ya tomato huwa imeongezwa maji mara nyingi kiasi kwamba ikitikiswa hutoa kwanza maji mekundu, halafu sauti. Kuku ni wa kisasa, na ingawa ameagizwa paja, hufika mgongo. Wali una mawe machache, ambayo humlazimisha mlaji kutafuna taratibu, jambo zuri kwa usagaji wa chakula.

Maharage magumu ya hoteli nayo yana utetezi, tena wa kisayansi. Dodoma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kwa kadiri ardhi inavyoinuka, kanieneo ya hewa hupungua, na maji huchemka kwenye joto dogo zaidi, takriban nyuzi 96 za Selsiasi badala ya 100 za pwani. Kwa hiyo maharage ya Dodoma yanadai muda mrefu zaidi jikoni kuliko ya Dar es Salaam. Hoteli ya basi huyapa muda ule ule, bila upendeleo wa mikoa.

Ubora halisi wa taasisi hii, hata hivyo, haupo kwenye ukumbi wa abiria. Nyuma ya kaunta kuna chumba kidogo chenye pazia na feni inayozunguka. Humo dereva na konda huletewa supu ya mbuzi inayofuka moshi, ugali uliosongwa muda huo, ndimu, pilipili na maji ya kunawa yenye uvuguvugu. Hawasubiri, hawapangi foleni, na kwa kawaida hawalipi. Sababu iko wazi. Abiria hachagui pa kusimama, anayechagua ni dereva au kampuni yake. Abiria akikasirika, atakasirikia Singida, na huenda asirudi tena kwa mwaka mzima. Dereva akikasirika, kesho mabasi yatasimama kilomita tano mbele. Kibiashara, basi zima ni mali ambayo dereva ameileta sokoni, na mteja ni yeye. Wanaosema huduma ni mbovu wametazama meza isiyo sahihi.

Utaratibu huu una nasaba ya heshima. Huko Uingereza, kampuni ya reli ya Great Western iliwakabidhi wajenzi wa kituo cha Swindon, kilichofunguliwa mwaka 1842, haki ya kuuza chakula hapo kwa miaka 99, kwa sharti kwamba treni zisimame dakika kumi. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa reli hiyo hiyo, alimwandikia mwenye mkahawa kwamba haamini kama pale pana kahawa, kwa kuwa alichoonja kilifanana na nafaka mbovu ya kukaanga. Barua haikubadili kitu. Kampuni ilijinasua mwaka 1895 kwa kulipa pauni 100,000. Abiria wa Gairo wanaolalamikia dakika zao kumi wanashiriki, bila kujua, katika mila yenye umri wa zaidi ya karne moja na nusu.

Kwa ukanda huu mkavu wa nyanda za kati, hoteli ya basi ni kilimo kilichofanikiwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko Kongwa, ndani ya ukanda huo, mradi mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na mamilioni ya pauni, na mwaka 1951 wakauacha, wakiwa wameshindwa na ukame na udongo ulioganda. Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, mara nyingi pungufu. Wenye hoteli walitambua kwamba zao lisilohitaji mvua ni abiria: huja lenyewe, limeshafungwa mkanda. Majirani nao hufaidika. Kwa kuwa kilichopo mezani hakishibishi, madirishani pananunuliwa viazi vitamu vya Gairo, mahindi ya kuchoma, zabibu za Dodoma, na mbele zaidi kuku wa kienyeji wa Singida. Chakula cha hoteli kingekuwa kizuri, wachuuzi hao wangekosa riziki. Ndoa pia hupata nguvu, kwani aliyekula njiani husifu mboga ya nyumbani bila kuulizwa.

Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, hoteli iliongeza saa za kazi pasipo kuongeza upishi, na wali wa mchana ukapata nafasi ya pili. Tishio ni treni ya umeme, iliyozinduliwa rasmi Agosti 2024, ambayo humfikisha abiria Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, bila kusimamishwa popote kwa ajili ya mlo. Lakini magharibi ya Dodoma reli hiyo bado inajengwa. Hadi ikamilike, abiria wa Singida, Tabora na Mwanza wataendelea kusimama pale dereva anapokula, na chipsi zitaendelea kukaangwa alfajiri.