Gofu Lina Wapenzi, Nyumba Haina

Mpwa wangu amenunua kamera, na tangu hapo ukoo mzima hatuna raha. Harusi hapigi, picha za pasipoti hapigi. Anapiga magofu. Juzi kanipakia daladala ya Bububu tukashuka Maruhubi, yeye na kamera shingoni, mimi na mzigo wa vyuma vya kuisimamishia, kwa cheo cha usaidizi ambacho sikukiomba wala hakina mshahara.

Maruhubi ni jumba la ufukweni, kaskazini ya mji wa Unguja, alilolijenga Sultani Barghash kati ya 1880 na 1882. Watembeza wageni watakusimulia masuria wapatao mia waliokaa humo. Ni hadithi isiyokosa bahashishi. Mimi macho yangu huenda kwenye nguzo. Zilibeba roshani pana ya mbao iliyoizunguka ghorofa ya juu. Mwaka 1899 moto ukazila mbao zote, nguzo zikabaki zimejipanga safu, hazina cha kubeba mpaka leo na hakuna aliyeziambia zikae chini. Piga hesabu: jumba lilidumu miaka 17. Gofu limeshapita 120. Kwa ajira ya kudumu, bora kuwa gofu.

Tulipofika tu, kijana akasema tungoje jua lishuke, mwanga wa saa nane ni mkali. Mkali kweli, maana wote ulikuwa umetua kwenye kipara changu. Jua liliposhuka yakaanza masharti. Ngalawa za wavuvi zisionekane. Chupa za plastiki zisionekane. Mbuzi aondoke, nami ndiye nikamkimbiza, mbuzi wa watu. Lakini majani marefu yaachwe, eti yana mvuto. Kwangu majani kama yale yakiota uani, majirani huuliza kama nimehama. Yaani gofu lenyewe halikumtosha, alitaka lichakae zaidi.

Tukaingia hamamuni. Marumaru yake yalishachukuliwa zamani. Mawe, chokaa na mbu ndio warithi. Inachekesha kidogo, kwa sababu Barghash huyu ndiye aliyewavutia watu wa mji maji ya mabomba kutoka chemchemi. Leo hamamu yake kavu, na mfereji wangu pia mara nyingi hutoa upepo, lakini mfereji wangu haujapigwa picha hata moja.

“Mjomba, egemea nguzo hiyo. Usicheke.”

Nikaegemea. Usiku picha ikaingia mtandaoni na maneno chini yake: “Mabaki ya enzi.” Hakufafanua kama anaisema nguzo au ananisema mimi. Watu wakamiminika kusifu. Shangazi mmoja akapiga simu kuuliza kama naumwa.

Hayo ningeyameza. Kinachonikaa kooni ni kwamba bibi yake, mama yangu, ana nyumba Mji Mkongwe, nayo ni ya mawe na chokaa kama Maruhubi. Paa linavuja, boriti zinaoza, lipu inaanguka kwenye bakuli la uji. Tulipoitisha mchango, huyu huyu bwana alijibu kwamba mambo ni magumu. Magumu, na lenzi inayomning'inia kifuani ni nene kuliko boriti tunazotafuta! Nikamwambia aje basi aipige picha nyumba ya bibi yake. Akaitazama, akatikisa kichwa: haijafika. Ana subira kijana huyu. Anangoja paa lije chini.

Na hayuko peke yake. Beit al-Ajaib, jumba jingine la Barghash, la mwaka 1883, nani asiyelipiga picha? Mtalii, bwana harusi, mimi mwenyewe nikiwa na nywele. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka, watu wawili wakafa. Picha zote zile hazikushikilia hata jiwe moja.

Masika huanza Machi. Wapiga picha mnaosoma safu hii, Mji Mkongwe bado una nyumba zenye paa na wenyewe ndani, na kuziingia hulipi, utapewa na kahawa. Mkija na kamera, njooni na mfuko wa chokaa. Saruji iacheni huko huko, inafungia unyevu ukutani.