Ombi la Kikopo cha Pili

Kwa Waheshimiwa wa Elimu wa Mkoa wa Katavi, na wakubwa wenu walioko Dodoma.

YAH: KUPIMWA MKOJO KWA WANAUME WOTE WA MKOA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika kwa heshima zote, nikijua kwamba meza zenu zimejaa, na kwamba kila matokeo yakitoka mnalazimika kuitisha kikao cha wadau na kuulizana upya kwa nini wasichana wanaachwa nyuma na wavulana. Swali ni zuri. Kinachonitatiza ni chombo kinachotumika kulijibu, yaani kikopo cha plastiki. Likizo ikiisha, katika shule zinazoendeleza desturi ya kupima mimba, binti anaitwa mstarini, anaelekezwa chooni, anarudi ameshika mkojo wake mbele ya wenzake, na kijiti ndicho kinachoamua kama ataingia darasani. Mwenzake wa kiume muda huo ameshafungua daftari la hesabu. Na binti akifaulu mtihani huo wa chooni, hapewi hata alama moja.

Tuanze na takwimu, kwa kuwa mnazipenda. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2022, wavulana waliofaulu walikuwa asilimia 88.60 na wasichana asilimia 87.08. Ukiishia hapo utasema hakuna tatizo. Lakini kufaulu huko kunajumlisha daraja la nne, ambalo kila mzazi anajua halimfikishi mtoto kidato cha tano. Ukichukua daraja la kwanza hadi la tatu, wavulana walikuwa 107,839 na wasichana 84,509, ingawa wasichana ndio waliokuwa wengi kwenye vyumba vya mtihani. Katika kila wavulana 100, karibu 45 walipata madaraja hayo. Katika kila wasichana 100, walikuwa kama 30 tu. Na hao ni waliofika. Aliyetoka kidato cha pili na tumbo lake hana namba ya mtihani, hayumo kwenye asilimia yoyote. Kwa hiyo kikopo chenu, hata kikifanya kazi kwa uaminifu wote, hakiwezi kulieleza pengo hili, sembuse kuliziba. Kinawashughulikia wasioufanya mtihani, na pengo liko kati ya wanaoufanya.

Mtaniambia wavulana nao wanaumia. Ni kweli. Kijana wa Mpimbwe anayeswaga ng'ombe, au aliyeshuka shimoni Ibindi kutafuta dhahabu, naye hayumo kwenye orodha ya watahiniwa. Tena wanaoondoka mapema mara nyingi ni wale ambao masomo yalishawashinda, na kuondoka kwao kunazing'arisha asilimia za wavulana waliobaki. Sehemu ya pengo imetoka hapo, ninakiri. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, inatengenezwa jioni. Shule ya kata iko mbali na kijiji, mzazi anampangia binti geto, chumba kimoja chenye kitasa cha kubahatisha. Humo anachota maji, anapika, anaukadiria unga ufike Jumamosi. Ukiisha Alhamisi, yupo mwenye pikipiki anayejua kwamba umeisha. Mvulana naye anapanga geto na njaa yake ni ileile, ila hakuna mtu mzima anayemsubiri nje na chipsi. Fizikia inataka saa mbili za utulivu kila usiku. Mmoja anazipata, mwingine anazitumia kusikiliza mlango. Nao wanaoamini kwamba akili ya kike haipatani na hesabu watueleze kuhusu St. Francis Girls ya Mbeya, iliyokuwa ikionekana kileleni kitaifa mwaka baada ya mwaka, kabla Baraza la Mitihani, NECTA, halijaacha kutangaza shule bora mwanzoni mwa 2023. Mtasema wale wanachujwa wakati wa kuingia, wanalala bwenini na wazazi wao wanalipa ada nene. Vizuri sana. Basi tumekubaliana kwamba ni bweni, chakula na fedha, wala si maumbile.

Mtajibu kwamba Katavi ina sababu zake za kupima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wastani wa taifa ukiwa 27. Ule wa 2022 ulikuta 34, na taifa 22. Imeshuka, tushukuru, lakini imeshuka kwa nchi nzima, kwa hiyo naomba kikopo kisivishwe nishani. Kupima hakujawahi kuzuia mimba, kama ambavyo mizani ya mnadani haijawahi kumnenepesha mbuzi. Mtanikumbusha pia sheria ya 2016, inayompa miaka 30 jela anayempa mwanafunzi mimba, na Waraka Na. 2 wa Novemba 2021, uliomruhusu aliyejifungua arudi shuleni. Waraka ni mzuri. Ila kama mimba haimfungii tena mtu elimu, kijiti kinatafuta nini? Nayo ile miaka 30 inayeyuka kwa ng'ombe wawili na kikao cha ukoo: binti anahamishiwa kwa shangazi, shahidi hapatikani, jalada linafungwa. Mwaka 2022 Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto iliitaka Tanzania ipige marufuku upimaji huu wa lazima, kwa ile lugha yao ya mikutano. Kwa lugha ya huku kwetu, mnawadhalilisha watoto. Mtu mzima amekosa, mtoto wa miaka 14 anavuliwa staha, halafu jioni mnaandika ripoti kwamba wasichana hawajiamini. Hawajiamini! Mmewaambia tangu asubuhi kwamba ni washukiwa.

Samahanini, nimepandisha sauti. Turudi kwenye ombi.

Ninaomba kipimo cha wanaume. Wataalamu wetu wakiwezeshwa hawatashindwa. Kijiti kiwe kilekile na bei ileile. Mstari mmoja, hana neno, aende. Miwili, ana mtoto ambaye hajamnunulia hata sabuni. Mitatu, mama wa mtoto huyo alikuwa amevaa sare. Ratiba isifuate mihula ya shule, ifuate fedha: Nsimbo na Mishamo wapimwe wiki ambayo chama cha ushirika, AMCOS, kinalipa tumbaku, Mpimbwe mpunga ukishaingia kwenye magunia, machimboni siku ya kuuza dhahabu, na mnadani asiruhusiwe kuuza dume kabla hajaonyesha kikopo. Stendi ya Mpanda foleni ianze saa kumi na mbili alfajiri, bodaboda wakiwa na helmeti mkono huu na kikopo mkono ule, matroni akiwauliza kwa sauti inayofika sokoni ni lini walimpa mwanafunzi lifti, na walikwenda naye hadi wapi. Asiyesikia haja apewe maji asubiri. Walimu wa kiume wasirukwe, na mtendaji wa kata asilete udhuru wa semina. Kwa ajili ya usawa, wakimaliza wagawiwe palepale karatasi ya hesabu ya kidato cha nne, ya muda wa saa tatu, tuone wanaume wazima wanafanyaje mtihani wakitoka kupimwa hadharani. Ninatabiri sifuri nyingi.

Mengine ni madogo. Mabweni. Uji wa mchana. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, iliyoondolewa 2018 na kurudishwa 2019, nadhani hedhi ilikuwa imekoma nchini. Kile kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachoruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, ambacho Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja kirekebishwe, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Hiyo ilikuwa Oktoba 2019. Haya yawekeni kwenye faili lenu la kawaida.

Ili waendesha bodaboda wasiseme wameonewa, napendekeza foleni ya kwanza ianzie ofisini kwenu, Jumatatu saa mbili, kwa kufuata vyeo. Vikopo msinunue, shule zina akiba.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlipakodi, Mpanda