Nilivyolima Mwani Sebuleni

Mtu anayeishi Dar es Salaam hana sababu ya kununua bahari. Ipo, ya bure, na ukiwa na nauli ya daladala unaifikia kabla chai ya asubuhi haijatulia tumboni. Mimi nilinunua. Lita 200 za bahari, ndani ya tangi la kioo lenye meza yake, pampu yake, kipimajoto chake na taa yake. Nikaliweka sebuleni kwangu Tabata, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kabati likahamia chumbani, na amani ikahamia kwa jirani.

Kilichoniponza ni taa. Fundi aliyeniuzia tangi aliirudisha ndani ya boksi lake, akalizungushia seloteipu mara tatu, akaniambia, "Bosi, hii usiifungue sasa. Wiki nne mpaka sita, ndiyo uiwashe." Nikamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekuuzia kanzu mpya kisha akakwambia usiivae hadi Idi ya mwakani. Taa yenyewe ilikuwa ya LED, wati 120, inatoa mwanga mweupe na wa buluu, na ilikula fedha kuliko tangi. Kitu cha bei ile kikae kwenye boksi, nami nikae nalitazama boksi? Seloteipu ilikatika usiku uleule.

Lakini nianze na maji, maana kosa huwa halisafiri peke yake. Maji ya tangi la namna hii hutengenezwa kwa kuchanganya maji yaliyochujwa na chumvi maalumu, gramu zipatazo 35 kwa lita, kama yalivyo ya bahari yenyewe. Chumvi hiyo huja kwa ndoo kutoka ng'ambo. Nikaona ni matusi: mtu wa pwani aagize chumvi ya bahari kutoka Ulaya! Nikakodi bajaji, nikabeba madumu ya lita 20, nikaenda kuteka maji ufukweni, mahali nilipopaona panafikika kirahisi. Palifikika kirahisi kwa sababu ndipo wavuvi walipokuwa wakiparia samaki.

"Mzee, haya mafuta?" dereva wa bajaji aliniuliza.

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Ya bahari."

Akanyamaza hadi Buguruni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mgonjwa, na kama mganga wangu ni wa Tanga.

Tangi likajaa. Sasa hapa inabidi nieleze jambo ambalo fundi alinieleza nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia. Tangi jipya, hata likiwa na maji maangavu kama macho ya njiwa, ni nyumba isiyo na choo. Samaki akila lazima ajisaidie, na kinachotoka huleta amonia, ambayo ni sumu kwake. Wajenzi wa choo ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa haijazidi. Bakteria hao huweka makazi kwenye mawe na mchanga taratibu, na ndiyo maana ya zile wiki nne mpaka sita. Kazi yao hawaifanyi kwa taa. Tena mwanga mkali huwachelewesha.

Na kwa kuwa samaki bado hawajaingia, bakteria hutafutiwa chakula. Njia moja ya zamani ni kutumbukiza kamba mbichi mmoja, umwache aoze, atoe amonia. Nilinunua kamba mnene, nikamtumbukiza mbele ya mke wangu.

"Baba watoto, kamba mzima unamtupa aoze, na mchana tumekula mchicha?"

"Anawalisha bakteria."

"Na wanao wanalishwa na nani?"

Swali hilo sikulijibu. Niliwasha taa.

Niliiwasha saa 1 asubuhi, nikaizima saa 5 usiku, na hivyo kila siku. Hesabu yangu ilikuwa hii: huku kwetu karibu na ikweta jua huwaka kama saa 12 kwa siku mwaka mzima. Nami nikaongeza nne za ukarimu. Sebule yote ikawa buluu. Ilipofika saa 2 usiku vijana wawili wakabisha hodi dirishani: "Mangi, bia baridi zipo?" Usiku wa pili akaja mjumbe wa shina, akauliza kwa upole kama grosari hii imeshapata leseni. Nikamkaribisha ndani aone mwenyewe. Akaketi, akatazama tangi kwa heshima, kama mtu aliyefika msibani asiyejua nani kafariki.

"Samaki wako wapi?"

"Bado, mzee."

"Na yule pale?"

"Yule ni kamba. Amekufa."

Mjumbe aliaga mapema.

Wiki ya pili, mchanga ukafunikwa na vumbi la kahawia. Hao ni diatomu, vijimea vidogo mno ambavyo hupenda silika iliyomo katika mchanga mpya na majini, na katika tangi jipya ndio huwa wageni wa kwanza. Nikawafuta. Wiki ya tatu, mawe yakaota nywele za kijani, nyembamba, zinazopepea kwa mkondo wa pampu. Nikazing'oa, zikarudi na ndugu zao. Wiki ya nne ukaja utando mwekundu kama damu ya mzee, unateleza kuliko bamia, una vipovu juu yake. Huo si mwani hasa, ni sainobakteria, lakini nao huishi kwa mwanga kama mwani. Kila jioni nilikwangua kioo kwa kadi ya benki iliyoisha muda wake. Haikuwahi kunitolea vitu vingi namna ile ilipokuwa hai.

Nayo LUKU ikawa inalia usiku. Wati 120 kwa saa 16 ni karibu uniti 2 kila siku, uniti 60 kwa mwezi, za kumulika mawe.

Katika hali hiyo ndipo mama mkwe alipovuka na boti kuja kuwaona wajukuu. Mama mkwe wangu ni mtu wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, ambako wanawake wamelima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanachomeka vigingi mchangani maji yakitoka, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wanausubiri ukue, wanavuna, wanaanika, nao unasafirishwa nje kutengenezea karaginani, ile inayozuia dawa ya meno na aiskrimu zisijitenge. Kwa hiyo mambo ya mwani huyu mama hafundishwi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akafunika macho kwa mtandio kwa ajili ya mwanga. Kisha akautelezesha mtandio polepole.

"Mwanangu, umeanza lini kulima?"

"Mama, hilo ni tangi la samaki."

"Samaki wako wapi?"

"Bado, mama."

"Basi ni shamba."

Mke wangu akakimbilia jikoni. Nilimsikia akicheka na sufuria.

Mama akainuka, akachovya kidole majini, akaonja. "Maji umeyateka wapi?" Nikamweleza. "Wanapoparia samaki. Ahaa. Mbolea umetia. Jua je?" Nikamwambia saa 16. Akaushika ukingo wa tangi, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Hata sisi wa Paje Mungu hatupi jua la saa 16! Sisi tunainama mpaka kiuno hakiinuki, na maji yakipata joto kupita kiasi mwani unatufia. Wewe umekaa kwenye kochi, unavuna kila jioni kwa kadi ya benki. Nifundishe na mimi, mwanangu."

Ndipo akili ilipoingia. Mwani unataka vitu viwili, chakula na mwanga. Chakula nilikiteka mwenyewe kwa madumu, maana damu na magamba ya samaki vikioza hutoa fosfati na amonia, kisha nikaongeza kamba juu yake. Mwanga ungeweza kusubiri. Kwani nani aliyekuwa akiihitaji taa ile? Bakteria hawaitaki. Samaki hawakuwepo, na hata wangekuwepo, mwanga wa dirishani ungewatosha. Matumbawe hayakuwepo. Konokono wa kula mwani hawakuwepo. Waliokuwa wakifaidi taa ni wawili tu: mwani, na mimi niliyetaka nionekane nina bahari.

Mama hakuandika maelekezo. Alifungua mkoba wake, akatoa kanga, akalifunika tangi zima mbele na nyuma, akachomoa waya wa taa ukutani. Pampu akaiacha, maana maji yasiyotembea hukosa hewa. Utando mwekundu ulipauka ndani ya siku tatu. Zile nywele za kijani zilikuwa na roho ngumu zaidi. Nilizing'oa kwa mkono, nikamwaga zaidi ya nusu ya maji, na safari hii nikanunua maji yaliyochujwa na ile chumvi ya matusi. Kanga ikabaki wiki tatu.

Tatizo ni wageni. Habari za bahari ya sebuleni zilikuwa zimeshaenea, na kila aliyekuja kutazama alikuta kanga yenye maandishi makubwa: Mwenye macho haambiwi tazama. Wengi walidhani wanasemwa. Shangazi yangu mmoja hajarudi hadi leo.

Vipimo viliposoma amonia sifuri na nitriti sifuri, nikaingiza konokono watano, kisha samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wale ambao watoto huwaita Nemo. Taa sasa inawaka saa 5 tu kwa siku, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, watu wakiwa nyumbani. Inawashwa na kuzimwa na swichi ya saa, ambayo haiko chini ya mamlaka yangu.

Matumbawe sijaweka. Hayo ndiyo yenye haki ya taa kali, kwa sababu ndani ya miili yao huishi vijimea vinavyoyapikia sukari kwa usanisinuru. Nayo pia hayapendi pupa. Yakimulikwa ghafla kwa nguvu hufukuza vijimea hivyo, yakapauka, kama joto la bahari lilivyoyapausha mengi ya pwani yetu mwaka 1998. Huanzishwa kwa mwanga hafifu unaopandishwa kwa wiki kadhaa, hadi kufikia saa 8 au 10 kwa siku. Mama ameshanionya kwa simu: "Tumbawe uliache kwao, mwanangu. Kwanza ulipe umeme."

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukinunua tangi la maji ya chumvi, msikilize fundi. Taa iache kwenye boksi lake mpaka amonia na nitriti zisome sifuri, halafu anza na saa chache. Na wageni usiwaite kabla samaki hawajaingia. Hakuna mtu atakayepanda daladala mbili kuja kutazama kamba mfu.