Dadisi, Lakini Weka Kivuli
Mwalimu wa Handeni anayewahimiza watoto wahoji wanachoambiwa, hata na yeye mwenyewe, asiogope kuitwa mchochezi. Mwalimu mwenzake, Nyerere, alimtangulia mwaka 1967: katika andiko lake, Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule ijenge akili ya kudadisi. Aogope mtihani. Mwaka 2012 darasa la saba walijibu hata hisabati kwa kuweka kivuli kwenye herufi, mashine ikasahihisha. Na mashine, tuitendee haki, haijawahi kuudhiwa na “kwa nini”. Mtasema mtoto akizoea kuhoji atakosa adabu. Lakini anayeuliza walau amesikiliza. Anayeitikia “ndiyo, mwalimu” huenda amelala macho wazi, na huyo ndiye tunayempa ukiranja.