Elimu ya Kuchora Yasiyokuwepo: Mhadhara Kamili Usiohitaji Nyongeza

Mchoro tangulizi ni picha ya kitu ambacho hakipo, inayochorwa kwa makini makubwa ili mwenye fedha aamini kwamba kinaweza kuwepo. Filamu ya mapenzi haina haja nao, kwa kuwa kila mwenye fedha amekwisha kuona mwanamume, mwanamke na mvua. Filamu ya kubuni ya kisayansi ina shida yake. Mwandishi anaandika kwamba chombo kinatua, na wakubwa wa kampuni waliozunguka meza kila mmoja anaona chombo chake kichwani, na yupo mmoja anayeona sufuria. Kazi ya mchoraji ni kuhakikisha kwamba wote wanaona sufuria moja.

Wataalamu wa elimu hii ni wachache. Kwa hesabu ya karibuni hawazidi mmoja, na mhadhara huu unatoka kwake. Mtaalamu huyo hajawahi kushika brashi, jambo linalompa uhuru kamili wa kuwahukumu walioishika. Shahada yake aliipata kwenye benchi la mbele la kibanda umiza, ambako mtafsiri wa filamu alishindana na mlio wa jenereta na mara nyingi alishindwa. Hapo ndipo mwanafunzi alipolazimika kuisoma picha yenyewe. Kanuni za elimu hii ni saba. Ya nne na ya sita bado zinafanyiwa utafiti.

Historia huanzia kwa Chesley Bonestell, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1888, akasomea usanifu majengo, akashiriki kubuni sura ya nje ya jengo la Chrysler mjini New York, kisha akaenda Hollywood kupaka mandhari za filamu. Mwaka 1944 jarida la Life lilichapa picha zake za sayari ya Zohali kama inavyoonekana kutoka kwenye miezi yake, na watu wazima wakazitazama kama mtu anavyotazama picha za harusi aliyoikosa. Ilipofika mwaka 1950 aliuchora mwezi wa filamu ya Destination Moon. Milima yake ilikuwa mikali kama meno ya msumeno, kwa hoja iliyonyooka: mwezini hakuna upepo wala mvua, basi ni nini kitakachoisugua? Wanaanga wa Apollo walipofika huko yapata miaka ishirini baadaye walikuta vilima vya mviringo, mithili ya vichuguu vilivyonyeshewa. Vimondo vikubwa na vidogo vilikuwa vikivitwanga kwa mabilioni ya miaka bila kumwarifu mtu yeyote. Elimu inalihesabu kosa hili kuwa la mwezi.

Katika filamu hiyohiyo sakafu ya mwezi ilijengwa ikiwa na nyufa, kama tope la bwawa lililokauka. Bonestell alinung'unika, na alikuwa na haki: tope halikauki mahali ambapo halijawahi kulowa. Nyufa zilibaki, kwa sababu ziliifanya studio ndogo ionekane pana. Hii ndiyo kanuni ya kwanza, kwamba sayansi husikilizwa mpaka pale nafasi ya studio inapokwisha.

Kanuni ya pili inamhusu Ralph McQuarrie, na hapa inafaa kukaa kidogo. McQuarrie hakutoka kwenye ndoto. Alitoka Boeing, alikochora michoro ya kiufundi ya kampuni ya ndege, kazi ambayo skurubu ikikosea mahali pake mtu anaitwa ofisini. Baadaye alichora katuni za kufafanua safari za Apollo kwa ajili ya televisheni ya CBS. Mwaka 1975 George Lucas alimpa muswada wa Star Wars, hadithi ambayo kwa maneno matupu ilikuwa ngumu kuelezeka hata kwa aliyeitunga. McQuarrie akapaka: roboti wawili jangwani, watu wawili wakipigana kwa panga za mwanga, vyombo vikishambulia kituo kikubwa cha duara. Picha hizo zilipelekwa kwa wakubwa wa kampuni ya 20th Century Fox, na kampuni ikatoa fedha, ambazo mwishowe zilifika takribani dola milioni 11. Wasomi wa daraja la chini husema filamu ile ilitengenezwa kwa kamera. Ilitengenezwa kwa rangi ya gwashi juu ya ubao. Kamera zilikuja kunakili.

Ushahidi umo katika kofia moja. Lucas alimtaka Darth Vader, mhusika mwovu wa hadithi hiyo, awe mtu mrefu mweusi wa joho linalopepea, anayeingia kama aliyeletwa na upepo. McQuarrie, kwa tabia ya mtu wa Boeing, aliusoma muswada na kuuliza swali la fundi: huyu bwana anatoka chombo kimoja kuingia kingine, na katikati hakuna hewa, atapumua nini? Akamvika barakoa ya kupumulia, yenye wavu mdomoni na vioo vikubwa machoni, na juu yake kofia inayoteremka shingoni kama ya shujaa wa Kijapani wa zamani. Kifaa kilikuwa cha kuvukia tu, dakika mbili tatu, kisha kivuliwe. Hakikuvuliwa. Mtengeneza sauti Ben Burtt alirekodi pumzi kupitia kifaa cha wapiga mbizi, na pumzi ile ikawa ndiyo mtu mwenyewe. Waandishi nao wakajikuta wana deni la kueleza kwa nini kiumbe huyu hawezi kuishi bila barakoa, na jibu likazaa majeraha, mkasa wa maisha na filamu kadhaa za nyongeza. Mhusika mzima alitungwa ili kuhalalisha kipande cha mavazi. Mshonaji yeyote aliyewahi kumshawishi mteja kwamba mkono mmoja mfupi ndiyo mtindo wa mwaka huu ataielewa kanuni hii bila kufundishwa.

Roboti wa dhahabu, C-3PO, alichorwa kwa kumwangalia roboti wa kike wa Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927. Mwigizaji Anthony Daniels hakuwa na hamu na kazi hiyo mpaka alipouona uso wa roboti kwenye mchoro wa McQuarrie, akauonea huruma, akakubali kuingia ndani ya bati. Inastahili kuandikwa kwa herufi nzito kwamba aliyeshawishika kwanza hapa alikuwa mtu, na aliyemshawishi alikuwa ubao uliopakwa rangi.

Colin Cantwell, aliyeunda mifano ya awali ya vyombo vya filamu hiyo, aliongeza mchango ambao elimu hii inauita Baraka ya Kasoro. Alipotengeneza kituo cha Death Star kwa kuunganisha nusu mbili za tufe, alikuta zimesinyaa kwenye mshono. Kuzijaza na kuzipiga msasa kungemla siku nyingi. Akapendekeza kuwe na mfereji katikati. Mfereji ukakubaliwa, ukaingizwa kwenye hadithi, na vita vyote vya mwisho vikapiganiwa humo. Fundi seremala anayeficha ufa kwa ubao wa urembo anafanya jambo lilelile, ila hapati mashabiki.

Kanuni ya tatu ni ya mitumba. Kabla ya Star Wars vyombo vingi vya angani vya sinema viling'aa kama vikombe vya kabatini, vinavyosubiri wageni. Lucas alitaka ulimwengu uliokwisha kutumika, wenye masizi, michubuko na rangi isiyolingana kwa sababu bawa lilitolewa kwenye chombo kingine. Wajenzi wa mifano walinunua maboksi ya vifaru na manowari za plastiki za kuchezea, wakang'oa vipande vidogo na kuvibandika kwenye vyombo vyao bila kujali vinafanya nini. Mtazamaji huona vipande elfu na kuamini kwamba kila kimoja kina kazi. Daladala lenye bampa la gari jingine na taa iliyofungwa kwa waya humshawishi abiria kwamba limeshafika mbali. Millennium Falcon, chombo cha Star Wars, hutumia hoja ileile.

Aliyeipandisha daraja kanuni hii ni Syd Mead. Alizaliwa 1933, alichora magari ya kesho kwa Ford, na katika orodha ya watengenezaji wa filamu ya Blade Runner alijiandikisha kwa cheo cha mtabiri wa picha za baadaye, cheo ambacho mtaalamu wa mhadhara huu anakionea wivu kwa siri. Mwongozaji wa filamu hiyo, Ridley Scott, alimwajiri achore magari tu. Lakini Mead hakuweza kuchora gari bila barabara, wala barabara bila ukuta, wala ukuta bila bomba la hewa lililotobolewa humo miaka thelathini baada ya nyumba kujengwa. Scott aliona kilichokuwa nyuma ya magari, akamwongezea kazi. Mitaa ikapigwa picha kwenye majengo ya zamani ya studio ya Warner, ile mitaa ya kujifanya New York, yakiwa yamebandikwa mabomba, nyaya na viraka. Falsafa yake ni nyepesi kwa mkazi wa mji wowote uliokua bila ramani: hakuna anayebomoa, kila mtu anaongeza. Filamu ilitoka 1982 na matukio yake yaliwekwa Los Angeles, Novemba 2019. Mead aliishi akauona mwezi huo ukipita bila gari hata moja kuruka, akafariki tarehe 30 Desemba mwaka huohuo.

Kanuni ya nne iko kwenye utafiti, kama ilivyotangazwa.

Ya tano ni ya woga, na mwenyewe ni H. R. Giger, mtoto wa mfamasia wa mji wa Chur, Uswisi. Mchoro wake wa mwaka 1976, Necronom IV, ulikuwa na kiumbe wa kichwa kirefu ambaye huwezi kusema mfupa unaishia wapi na bomba linaanzia wapi. Scott alipoonyeshwa kitabu cha michoro ya Giger aliacha kutafuta mnyama mwingine kwa ajili ya filamu ya Alien ya mwaka 1979. Giger alikwenda studio ya Shepperton, Uingereza, akaagiza mifupa, na mifupa ikaja. Mwili wa kiumbe ulifinyangwa kwa plastisini ukichanganywa na pingili za uti wa mgongo wa nyoka na vipande vya gari la Rolls-Royce. Macho hakumpa, kwa maelezo kwamba anayekutazama unaweza kumkisia, asiye na macho huwezi. Yai la kiumbe lilileta mjadala. Mpasuko wake wa juu ulifanana mno na kitu kinachojulikana, na watayarishaji wakahofia nchi za Kikatoliki. Giger akaongeza mpasuko wa pili kukatiza wa kwanza, ukapatikana msalaba. Malalamiko yakaisha. Mwaka 1980 alikuwa miongoni mwa waliopewa Oscar kwa filamu hiyo.

Ndani ya kiumbe alikuwamo Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisomea sanaa za michoro London, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili, aliyeonekana baa na mtu wa filamu. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti, akatengenezewa bembea ya kupumzikia. Mnyama anayetisha kuliko wote katika historia ya sinema alikuwa mwanafunzi wa kuchora aliyening'inia kwenye bembea akisubiri zamu yake.

Wakati huohuo Ron Cobb alikuwa akichora vyumba vya Nostromo, chombo cha filamu hiyohiyo, kama mtu anayetarajia kukihamia. Alibuni hata alama za mlangoni: hapa hakuna hewa, hapa hakuna mvutano, hapa pana kahawa. Ofisi nyingi za duniani hazijafikia kiwango hicho cha utaratibu.

Kanuni ya sita bado haipo, utafiti unaendelea. Mahali pake, juu ya kompyuta yatosha maneno machache. Programu ya Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, iliundwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na John alikuwa mfanyakazi wa Industrial Light & Magic, karakana ileile iliyobandika vipande vya vifaru. Tangu hapo mchoraji hasubiri rangi ikauke. Hakimu wake naye hasubiri, na kilichorekebishwa mara tatu kwa gwashi sasa hurekebishwa mara arobaini.

Afrika, kwa muda mrefu, iliingia katika filamu hizi kwa mlango wa nyuma. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983, mojawapo ya filamu za Star Wars, rubani mwenza wa mhusika Lando, mwenye mashavu yanayoning'inia, aliongea Kikikuyu kwa sauti ya mwanafunzi Mkenya, na kwa wajuzi waliokaa katika kumbi za Nairobi yeye ndiye aliyekuwa nyota wa filamu. Mlango wa mbele ulifunguliwa baadaye. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza Pumzi, filamu fupi ya dunia iliyoishiwa maji, ambamo jasho na mkojo wa wakazi husafishwa na kunywewa tena. Kwa Black Panther ya mwaka 2018, Hannah Beachler aliandaa kitabu cha zaidi ya kurasa 500 kueleza Wakanda, nchi ya kubuni ya filamu hiyo, kabla haijajengwa, na Ruth E. Carter akawavika askari wa kike wa mfalme wekundu na shanga vilivyotokana na mavazi ya Wamaasai. Mwaka 2023 zikaja katuni kumi za Kizazi Moto kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na safari hii jina halikuhitaji mtafsiri wa kibandani.

Kanuni ya saba ni mtu mdogo. Kituo cha anga na kitufe cha shati, vikichorwa peke yake, vina ukubwa mmoja. Kwa hiyo kwenye kona ya chini huwekwa mtu, mrefu kama punje ya mtama, ametupa mgongo, hana mzigo. Ghafla kitufe kinakuwa na kilomita mia. Mtaalamu aliwahi kuijaribu kanuni hii mwenyewe nyuma ya daftari la madeni la dukani, kwa kalamu ya wino, hivyo rekodi yake ya kutoshika brashi ingali safi. Duara lilipatikana kwa kuzungushia kisahani cha chai, na mtu mdogo akasimamishwa pembeni, akikitazama kituo kwa mshangao. Wateja watatu walionyeshwa mchoro huo kwa nyakati tofauti. Wote waliafikiana kwamba ni mtu anayesubiri sufuria ichemke.