Banda la Kuku la Mita Tisa

Mvua za masika zikishuka kutoka Meru hazibishi hodi, ndiyo maana niliamua banda langu la kuku hapa Lemara lipate paa lenye mwinuko wa nyuzi 30. Upana mita 3. Fundi alitaka kupima kwa kamba. Mimi, mtoto wa majedwali ya tarakimu nne, nikaazima kalkuleta ya sayansi ya mpwa wangu wa kidato cha sita. (Naiita kalkuleta makusudi. Nina jirani mstaafu, na tangu zile kelele za mafao za 2018, neno kikokotoo halitajwi mbele yake.)

Nusu ya upana, 1.5, nikaizidisha kwa tanjenti ya 30 nipate kimo. Kioo kikaandika −9.61. Ile alama ya kutoa niliidhania uchafu, nikaifuta kwa pindo la shati. Ikagoma kutoka, nikaidharau. Ubao wa mteremko, kwa kosini, ukaja mita 9.72. Moyo ukasita. Nikahakiki kwa kanuni ya Pythagoras, naye, bila aibu, akakubali. Mimi nani nimbishie?

Kenchi tano, mbao kumi za mteremko: mita 97.2. Nikaagiza mbao 27 za futi 12.

Toyo lilipofika, fundi aliuzunguka mzigo mara mbili.

“Shikamoo mzee. Tunajenga banda au kanisa?”

Ilikuwa shikamoo yake ya pili asubuhi ile. Nikajua nahurumiwa.

Mpwa wangu ndiye aliyeiona herufi R, ndogo kama sisimizi, juu ya kioo. “Mjomba, uko kwenye radiani.” Radiani moja ni karibu nyuzi 57.3. Kwa hiyo 30 zangu zilizunguka duara mara nne na robo tatu, kisha paa likaelekea ardhini kama kisima. Na Pythagoras? Yeye haulizi kama unajenga kwenda juu au chini.

Akabonyeza vitufe, R ikawa D: mita 1.73. Ubao mmoja unatoa vipande viwili, hivyo mbao 5 zingetosha. Fundi naye alishavuta kamba yake na kuandika kwa penseli: 1.75. Zile sentimita mbili, akasema, ni za msumeno.

Mbao 22 zimeegemea ukuta, mama watoto anaanikia nguo. Jana jirani mstaafu alisimama getini akaniuliza ghorofa naanza lini. Nikajisahau, nikamjibu kwamba bado nahangaika na kikokotoo.

Akaondoka bila kuaga.